Ravaonoro na Sanda Aliyoipeleka Baharini

Hariri ya Ravaonoro wa Ambatolandy haikuwa na mchezo. Kuna marehemu mmoja wa bonde la pili, walipomtoa kaburini baada ya miaka saba ili wamvike sanda mpya, waliikuta ile ya Ravaonoro ingali inang'aa, na maiti ameishikilia kwa ndani, hataki kuvuliwa. Walivuta watu sita na ng'ombe mmoja. Ikabidi sanda mpya wamvishe juu ya ile ile. Asiyeamini aende Arivonimamo siku ya soko akaulize. Atakayekanusha hajazaliwa, au amezaliwa na hana adabu.

Basi mwanamke huyo aliyewavika wafu wa vilima vyote, wa kwake mwenyewe hakuwa amemvika. Mumewe, Ralaivao, alishuka Mahajanga kufanya kazi ya kupakia mbao na chumvi, na habari yake ya mwisho ikaja kwa barua. Ravaonoro hajui a wala be. Aliyeisoma ni mwanawe Tahina, miaka kumi, amesimama katikati ya nyumba mbele ya baba zake wakubwa wawili, mama yake kashika mwiko. Mtoto akasoma. Akasoma homa, akasoma mazishi, akasoma na kaburi lenyewe: makaburi ya mjini, safu ya tatu kutoka ukuta wa upande wa bahari, kichwani pamefunikwa beseni jeupe la bati lenye maua mekundu. Alisoma kirefu mpaka wali ukaungua, na ukoko wa siku ile ulikuwa mnene kiasi kwamba waliumwagia maji ya moto wakayanywa siku tatu na bado ukabaki. Ndani ya msiba wake, Ravaonoro alijivuna kidogo. Mtoto wa miaka kumi, na barua ndefu vile.

Kwa watu wa vilima vile, mtu akifia ugenini hahesabiwi kuwa amefika. Yuko njiani. Mpaka mifupa yake iletwe, iviringishwe hariri, ilazwe juu ya kitanda cha jiwe ndani ya kaburi la ukoo pamoja na wenziwe, ndipo anapumzika, na walio hai nao wanapumzika. Ravaonoro akafuma sanda. Akaikunja, akaitia barua katikati ya mikunjo, akaiweka sandukuni. Kila Agosti, majirani wakipiga tarumbeta na kucheza na wafu wao mabegani, yeye alifungua sanduku na kushonea safu moja ya ushanga pembeni. Kila Agosti alimwambia mwanawe, "Tumfuate baba yako." Na kila Agosti Tahina alikuwa na jibu. Mwaka huu barabara mbovu. Mwaka huu kuna tauni. Mwaka huu kimbunga. Safu zikafika ishirini na mbili, na sanda ikawa nzito kama mtoto aliyelala.

Aliyeleta safari ni mkwe, Voahangy. Kiwanda chake cha kushona nguo kilifungwa wiki mbili, akasema watoto wote wa mtaa wao pale mji mkuu wameshaiona bahari isipokuwa Fenosoa wake, miaka tisa sasa, na kwamba yeye anakwenda Mahajanga kutembea, awe na mume au asiwe naye. Tahina, ambaye sasa alikuwa mwalimu, akataja Toamasina. Akataja Antsirabe, ambako hakuna bahari kabisa.

"Antsirabe nikaogelee kwenye baridi?" Voahangy akamwambia. "Mahajanga. Na mama yako tunamchukua."

Walidhani mama atakataa, maana huyu ni mtu aliyekuwa akisikia tu jina la bahari anahisi baridi, akilala na soksi. Ravaonoro akasema, "Tunaondoka lini?" Kikapu chake kilikuwa kizito. Voahangy alipouliza kina nini, akajibiwa, "Nguo ya kuogelea."

Mahajanga ilikuwa joto la kutosha kuivisha yai mfukoni, na Tahina, mtu wa maneno machache tangu kuzaliwa, akageuka mtembezaji wageni. Siku ya kwanza aliwapitisha mitaa ya zamani, akiwaonyesha milango ya kuchongwa mmoja mmoja, na wa nani, na wa mwaka gani. Siku ya pili korongo la udongo mwekundu nje ya mji, kupanda na kushuka. Jioni, mishikaki na achari ya papai mbichi kando ya bahari.

"Na makaburini lini?" Ravaonoro akauliza.

"Kesho, Mama. Leo umechoka."

"Sijachoka mimi. Nimekaa."

Siku ya tatu akawapeleka kuona mifupa. Si ya mtu. Ya mjusi wa kale, mkubwa kuliko nyumba, aliyechimbwa huko bara na kupangwa mfupa kwa mfupa chumbani, mkia mpaka pua, kila kipande na namba yake. Fenosoa akafungua mdomo. Ravaonoro alizunguka mara mbili.

"Huyu amekufa lini?" akauliza.

"Miaka milioni sabini, Mama."

"Na wamempata wote?"

"Karibu wote."

"Mjusi," Ravaonoro akasema. "Mjusi ana chumba chake, na feni."

Tahina akakohoa, akasema nje kuna duka la barafu tamu.

Siku ya nne ngome. Siku ya tano ufukwe wa mbali, kutwa nzima, na Voahangy mwenyewe sasa akaanza kulalamika miguu. "Huyu mume wangu kapandwa na nini? Nyumbani hata sokoni haendi." Ravaonoro hakulalamika. Alikaa mchangani na kikapu mapajani, akitazama maji. Yalikuwa mekundu. Hakuna aliyemwambia kwamba bahari ni nyekundu. Ulikuwa udongo wa kwao, umeteremka na mto Betsiboka siku zote hizo, umefika kabla yake.

Siku ya sita ndiyo ya mwisho. Mchana mji ule unalala. Hata mbwa wa Mahajanga saa nane huweka taya chini na hawezi kumbwekea mwizi mpaka saa tisa na nusu. Tahina na mkewe wakalala. Ravaonoro akamshika Fenosoa mkono, akachukua kikapu, akaita rikshoo, kigari cha kuvutwa na mtu.

"Wapi, Mama Mkubwa?" mvutaji akauliza.

"Kwa mume wangu."

"Anakaa mtaa gani?"

"Makaburini."

"Ah, huyo hakosekani nyumbani," mvutaji akasema, na Ravaonoro akacheka. Kucheka kwake kwa mwisho safari ile, na kama kuna aliyemsikia akicheka tena baadaye, ajitokeze.

Mlinzi wa makaburi alikuwa mzee wa Kikomoro, kanzu imefungwa kiunoni, anamwagilia mchicha wake kati ya misalaba. Ravaonoro alimwamkia vizuri, akamweleza alivyoeleza moyoni miaka ishirini na miwili: safu ya tatu kutoka ukuta wa upande wa bahari, beseni jeupe, maua mekundu.

Mzee akaweka chini kopo la maji. "Ukuta wa upande wa bahari?"

"Ndiyo, baba."

"Dada yangu, hapa bahari iko mbali. Na ukuta ni huo mmoja tu wa barabarani. Mwingine haujapata kujengwa."

"Labda kimbunga kiliubomoa."

"Kimbunga hubomoa kilichopo."

Lakini alikuwa mtu mwema. Akaingia kibandani, akatoka na daftari la mwaka ule, akapitisha kidole kurasa zote mbele na nyuma. Ralaivao hakuwemo. Ravaonoro akasema daftari limekosea. Hapa ana barua. Akafungua kikapu, akakunjua hariri pale pale juu ya jiwe la mtu, ushanga ukalia, na mzee alipoona ni sanda akavua kofia. Barua ilikuwa rangi ya chai. Mzee akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akasema miwani yake aliikalia wiki iliyopita.

"Nipe mimi, Bibi," Fenosoa akasema. "Mimi najua."

Akasoma kama wanavyosomeshwa shuleni, bila kupumzika. "Kwa mke wa Ralaivao. Chombo chetu kilipinduka kwenye mdomo wa mto tarehe tatu. Tulimtafuta siku tisa. Hakupatikana. Tulipata kofia yake tu, nayo maji yakaichukua tena. Shemeji, msisubiri mwili. Simamisheni jiwe, kaka zake wamwite jina lake angali karibu. Mimi rafiki yake, Velonjara."

Akageuza karatasi. Nyuma hakuna kitu.

"Endelea," Ravaonoro akasema.

"Imeisha, Bibi."

"Haiwezi kuwa imeisha. Soma safu ya tatu."

"Hakuna safu ya tatu. Ni hivyo tu."

"Rudia."

Akarudia. Ile barua iliyounguza wali, Fenosoa aliimaliza kabla hajameza mate. Mara ya tatu mtoto akaanza kulia, na mzee akamwambia Ravaonoro taratibu, "Dada, hata akiisoma mpaka kesho."

Waliporudi kando ya bahari wakamkuta Tahina anakuja mbio, shati wazi. Akaiona barua mkononi mwa mama yake. Akasimama.

"Beseni lilikuwa na maua," Ravaonoro akasema. "Maua ulitoa wapi?"

"Kwenye beseni letu. Lilikuwa ukutani nyuma yako."

"Nililitazama kila siku."

"Nilikuwa na miaka kumi, Mama. Nilifika mahali pameandikwa hakupatikana, nikainua macho nikakuona. Ulikuwa umeshika mwiko. Nikashindwa. Nikampa homa, maana homa mtu hufa kitandani. Nikampa kaburi. Kisha nikaona lazima liwe mahali."

"Miaka kumi sina kesi nayo," Ravaonoro akasema. "Niambie ulipokuwa na ishirini."

"Ulikuwa umeshafuma."

"Na juzi, ulipokuwa unanionyesha milango?"

Tahina akaanza kufunga vifungo vya shati. Voahangy, aliyefika nyuma yake na kanga ya kulalia, akamshika mtoto akamsogeza pembeni.

"Tusimamishe jiwe, Mama," Tahina akasema mwisho. "Mwezi huu huu. Mimi nitalipandisha kwa mgongo wangu."

"Na nani amwite?"

Hapo Tahina akainamisha kichwa, kwa sababu alijua. Kwenye ukoo ule anayepotea huitwa na mtu wa tumbo moja naye, amesimama mbele ya jiwe, anataja jina la utotoni ambalo wengine hawalijui. Baba wakubwa wale wawili waliokuwa wamekaa siku ile, wakisubiri wali, walikuwa na sauti za kuvusha bonde. Mmoja alikufa mwaka wa sita, mwingine mwaka wa kumi na tano. Wote wawili Ravaonoro aliwavika yeye. Waliondoka na jina.

"Rafiki yake alituambia tumwite angali karibu," Ravaonoro akasema. "Sisi tukasikiliza tarumbeta za wenzetu miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyemwita."

Akafika ukingoni akayatazama yale maji mekundu. Voahangy akaogopa atairusha sanda, au atajirusha yeye. Hakurusha kitu. Alisema tu, "Bahari hii ni kubwa mno," akaketi mpaka jua likazama.

Asubuhi wakapanda basi la kurudi. Dereva, mtu wa makamo mwenye jino moja la dhahabu, alipokuwa akipanga mizigo aliona pindo la hariri na ushanga limechungulia kikapuni, na mwanamke aliyelipakata hataki kikapu kiwekwe juu. Hakuuliza. Dereva wa barabara ile haulizi. Alikwenda mbele, akazima muziki, akamwambia abiria mmoja aliyebeba soseji za nguruwe azifunge vizuri azipeleke nyuma kabisa, maana nguruwe karibu na mfu ni mwiko. Njia nzima aliendesha pole, mashimo anayakwepa kama amebeba mayai ya mfalme. Watu wakaelewa, wakashusha sauti. Bibi mmoja akampa Ravaonoro ndizi kwa mikono miwili.

Saa saba wakafika daraja la Betsiboka. Dereva akapiga honi mara moja, ndefu, akasimamisha basi mwanzo wa daraja, akageuka, kofia mkononi. Maana mfu anayerudishwa kwao lazima aambiwe kila mto anaouvuka, asije akapotea, akabaki ng'ambo peke yake.

"Mama," dereva akasema kwa upole. "Mwambie. Hapa ni Betsiboka."

Wanaume wakavua kofia. Chini, mto ulikuwa unapita na udongo wao, mzito, mwekundu, unaelekea kule walikotoka.

Ravaonoro alifungua mdomo. Mkono wake ulikuwa juu ya hariri, unaipapasa pale ambapo kichwa kingekuwa.

Tahina, kando yake, akaona mama hawezi. Akaanza yeye, kwa sauti ya darasani. "Baba, hapa ni Betsiboka, tunavuka sasa, usi—"

"Nyamaza," Ravaonoro akasema. "Umeshanisomea ya kutosha."

Kisha akamtazama dereva, aliyekuwa bado amegeuka, kofia mkononi, anasubiri.

"Endesha, mwanangu," akamwambia. "Hamna mtu humu."