Kanda za Mpiga Solo wa Iringa

Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa dakika mbili tu. Nilikuwa nimekaa benchi la nne, upande wa akina mama, na nilisikia kila neno. Kwamba alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara. Kwamba alifunga ndoa takatifu na kujaliwa watoto. Kwamba enzi za uhai wake alijishughulisha na kilimo na biashara ndogo ndogo. Kwamba alisumbuliwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu mpaka mauti yalipomfika. Msomaji, mtoto wake wa kwanza, akakunja karatasi, akarudi kukaa.

Biashara ndogo ndogo! Nilishikwa na hasira mpaka nikainamia benchi la mbele, na mama aliyekaa pembeni yangu akadhani nalia, akanishika bega. Sikuwa nalia. Nilikuwa natafuta namna ya kusimama kanisani na kusema kwamba mtu aliyelala kwenye lile jeneza alikuwa mpiga gitaa la solo ambaye watu walitembea kwa miguu kutoka vijijini kuja kumsikiliza. Sikusimama. Hilo nalo sijajisamehe.

Enzi za ujana wake kila bendi ya dansi ilijiita jazz, na ya kwao Iringa iliitwa hivyo pia. Walipiga Iringa, Mafinga, Njombe, mpaka huku Mbeya. Baba yangu alikuwa kwenye bendi hiyohiyo, akipiga gitaa la kati, kiti chake kikiwa pembeni ya kiti cha mpiga solo. Kwa hiyo huyu mzee nilimwita Baba Mdogo tangu nikiwa mtoto, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Baba yangu alifariki zamani. Alichoniachia ni kanda moja yenye nyimbo nne walizorekodi Dar es Salaam. Fundi redio wa hapa Mwanjelwa alinihamishia nyimbo hizo kwenye simu, na nazisikiliza kibandani kwangu nikiwa nashona. Vijana wanaoleta suruali kupunguza wananiuliza, "Mama, huyu anayepiga hivi ni nani?" Hawaulizi mwimbaji. Wanauliza gitaa.

Nitaeleza kwa nini wanauliza. Wapiga solo wengi, mwimbaji akimaliza mstari, wanarukia hapohapo kama mtu anayegombea kiti. Baba Mdogo alisubiri. Anaacha ngoma zipite, anaacha gitaa la kati la baba yangu lizunguke mara moja, ndipo anaingia, akiwa amechelewa kidogo tu, na unahisi kifua kinakufunguka. Hakutumia kile kipande cha plastiki cha kuchapia nyuzi. Alitumia kidole gumba na cha shahada, na alizima nyuzi kwa kiganja ili kila sauti ikauke kabla ya inayofuata kuzaliwa. Wimbo ukifika pale unapochangamka, pale watu wanaponyanyuka kwenye viti, wengine huongeza mbwembwe. Yeye alipunguza. Alichukua sauti tatu za juu, akazigeuzageuza, akazirudia mpaka ukadhani amekwama, kisha akaongeza ya nne. Kwenye wimbo wa tatu kuna mahali anapofanya hivyo na mtu mmoja kwenye bendi anacheka. Ni kicheko cha baba yangu. Ndiyo sauti pekee ya baba niliyobaki nayo.

Mwaka mmoja kabla ya msiba huo nilikwenda Iringa kumsalimia. Nilimkuta amekaa juani nyuma ya nyumba, amevaa koti, maana baridi ya mwezi wa saba ilikuwa kali. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi baada ya kupooza. Nilimwambia, "Kamwene, Baba Mdogo," naye akaitikia kwa Kihehe, kisha akanituma chumbani nikatoe sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na kanda. Nyingi, zimepangwa, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino. Hazikuwa nyimbo za redioni. Zilikuwa za mazoezini: bendi ikitafuta wimbo, ikikosea, ikigombana, ikianza upya.

Alinipigia moja kwenye redio kaseti yake. Nilimsikia akimfundisha baba yangu. "Usinifuate," alisema kwenye kanda, enzi hizo bado kijana, kwa sauti ya ukali. "Wewe kaa hapohapo. Mimi ndiye nitakayeondoka na kurudi." Kisha magitaa mawili yakaanza, na nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nimekisikia maisha yangu yote bila kukijua: kwamba uzuri wa huyu ulisimama juu ya uvumilivu wa yule. Baba yangu alikaa palepale ili mwenzake aweze kuondoka.

Ndipo mtoto wake wa kwanza, ambaye namwita Kaka, akatokea mlangoni. Ni mzee wa kanisa.

"Baba, haya mambo si uliyaacha?"

 Baba Mdogo aliinua mkono mzima akazima redio kaseti, kama mtoto aliyekamatwa. Nilikasirika siku ile, lakini nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa mgeni.

Wakati naondoka nilimwomba nichukue sanduku nikamhamishie kanda zote kwa yule fundi wa Mwanjelwa. Akasema, "Njoo na mfuko mzuri. Zisilowe njiani." Nikaahidi kurudi mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi nilipata oda ya majoho ya kwaya. Halafu ikaja Krismasi, halafu sare za shule, na Januari kwa fundi cherehani ni mwezi wa kutopumua. Nikasema nitakwenda Pasaka. Kisha mvua. Ningeweza kwenda na kurudi kwa siku mbili. Sikwenda. Nilipopigiwa simu ya msiba, mfuko nilikuwa nimeshaushona, wa turubai, una zipu, uko kwenye rafu.

Baada ya mazishi tulirudi nyumbani kula. Nilimfuata Kaka alipokuwa akiwapangia wageni viti.

"Pole sana, Kaka. Nina neno moja. Lile sanduku la kanda, Baba Mdogo aliniahidi nilichukue nikazitolee nakala. Nitalirudisha."

"Zile kanda hazipo."

"Ziko wapi?"

"Tumezichoma. Alhamisi, pamoja na godoro na nguo zake za zamani."

Aliniambia hivyo huku akimwonyesha mgeni mmoja mahali pa kunawa. Sikumbuki vizuri nilichoanza nacho. Najua nilimwuliza kama alisikiliza hata moja kabla hajaitia kiberiti. Najua nilisema kwamba ameandika baba yake alikuwa na biashara ndogo ndogo, na kwamba huo ni uongo ambao amethubutu kuusoma mbele ya madhabahu. Nilisema baba yangu pia alikuwa kwenye zile kanda, na kwamba amemchoma mtu ambaye si wa kwake. Sauti yangu ilikuwa juu. Watu waliacha kula.

"Dada, punguza sauti, uko msibani," alisema.

"Na wewe ulikuwa msibani ulipochoma?"

Akina mama wawili walinishika mikono, wakanivuta mpaka nyuma ya jiko. Na huko ndiko nilikoliona lenyewe: duara jeusi kwenye udongo, karibu na mabua ya mahindi, na ndani yake vijigurudumu vya plastiki vilivyoyeyuka vikagandana kama ubuyu. Nilichuchumaa nikavichokonoa kwa kijiti. Hakukuwa na kitu cha kuokota.

Mama Mdogo, mjane wake, akaja akiwa amejifunga khanga kichwani. Aliwaambia wale akina mama watuache. Hakuketi.

"Usimtukane mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyesema zichomwe."

Niliinuka, kijiti kikiwa bado mkononi.

"Wewe unaupenda ule wimbo wa tatu. Mume wangu aliniambia unausikiliza dukani kwako. Wiki ile walipokwenda Dar kuurekodi, mtoto wangu wa pili alikuwa na surua. Akafa Jumanne. Tulipeleka telegramu. Aliipata, akaisoma, akaitia mfukoni. Akarekodi kwanza. Alifika hapa Jumapili, nimeshazika, nimeshaanua matanga na mashemeji. Baba yako alikuwa naye. Wote walijua."

"Mama Mdogo, sikujua."

"Nani angekwambia? Kila nyumba niliyoingia walikuwa wanaupiga huo wimbo. Sokoni. Saluni. Kwenye harusi za wanangu mwenyewe. Aliishi na lile sanduku chini ya kitanda changu, chini ya mgongo wangu, na mimi nikamvumilia mpaka akafa. Alipokufa nikasema basi."

Kisha akaniambia nikale, ugali unapoa.

Sikula. Nilipanda basi la kwanza la Mbeya lililopita. Tulipofika Nyololo, abiria wakishuka kununua viazi na chai, mimi nilibaki kwenye siti nikiwa na hasira kwa watu wengi kiasi kwamba sikujua nianze na nani. Kwa Kaka, aliyeona aibu ya kitu ambacho mtu mwingine angekiandika mstari wa kwanza. Kwa Mama Mdogo, maana hakuniachia hata nafasi ya kumlaumu. Kwa Baba Mdogo na telegramu yake mfukoni. Kwa baba yangu, aliyecheka wakati ule, siku ile, akijua. Na kwangu mimi na majoho yangu ya kwaya.

Nimeusikiliza ule wimbo tena mara nyingi, nikitafuta mahali ambapo ile telegramu inasikika. Nilidhani mkono utatetemeka, au ataingia mapema, au atakosea hata sauti moja. Hakuna. Anasubiri vilevile, anaingia vilevile, anapiga vizuri kuliko siku zote. Sijui nifanye nini na uzuri huo. Ningependa wimbo uwe mbaya, nami nipumzike.

Pasaka iliyofuata Mama Mdogo alinipigia simu. Aliuliza kama mvua huku zimenyesha, nami nikamwuliza mahindi yao yamefikia wapi. Alisema yamepigwa na viwavi. Nilimpa pole. Aliniambia Kaka ananisalimu, nikajibu salamu zimefika, na wote wawili tulijua kwamba hazikufika. Tukaagana kwa heshima zote. Nilipokata simu nilikanyaga cherehani kwa nguvu mpaka sindano ikavunjika, nikaweka nyingine, nikaendelea kushona.