Swali Alilompelekea Rabi

Saa mbili asubuhi, Kings Heath, mtaa mmoja wa Uingereza. Mvua inanyunya tangu alfajiri. Peninah Kendi anatundika koti lake, ananawa mikono, na kabla hata ya salamu anatangaza, kama kila asubuhi: "Leo nina swali, Rabi."

Kitandani, mzee wa miaka tisini na mmoja anainua kichwa. "Jepesi au gumu?"

"Gumu."

"Afadhali," anasema Rabi Ezra Lassman, na kunyoosha mikono avalishwe sweta.

Peninah, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mzaliwa wa Nkubu, Meru. Kwa miaka minne amekuwa akija hapa kumwogesha mzee huyu, kumvisha na kumpikia. Swali la kila siku halimo katika orodha ya kazi zake. Ni dawa aliyoivumbua kwa kuharibu.

Nyumba ya Myahudi mshika dini ina droo mbili za vijiko, vya nyama na vya maziwa, na havichangamani kamwe. Wiki yake ya tatu, mawazo yakiwa Nkubu, Peninah alikoroga chai ya maziwa kwa kijiko cha nyama.

"Nilijua kazi imeenda," anasema. "Nikajiambia, Kendi, umenajisi nyumba ya mtumishi wa Mungu. Nilienda kumwambia mwenyewe."

Rabi, ambaye tangu astaafu hakuwa akitoa maneno kumi kwa siku, aliketi wima. Chai ilikuwa moto? Kijiko kiligusa nyama moto lini mara ya mwisho? Juzi? Aliomba aletewe kitabu cha sheria, akafunua, akasoma akinong'ona. Hatimaye akaamua: kwa kuwa siku nzima imepita, chai inywewe, kijiko kichemshwe. Akanywa, akaomba kikombe cha pili.

Peninah ni Mkristo, amezoea mchungaji wa kumwekea mikono. Siku hiyo alimwomba mzee amwombee.

"Akaniambia, 'Kuomba unajua mwenyewe. Hata watu wangu husali bila mimi. Rabi ni mwalimu, kazi yangu ni kuulizwa.' Nikaona, kumbe huyu mzee anakufa njaa! Hakuna mtu anamuuliza kitu."

Basi akaanza kumlisha maswali. Siku moja aliuliza kama twiga huliwa kwa sheria ya Wayahudi. Walibishana mpaka uji ukapoa.

Februari mwaka huu swali lilikuwa lake mwenyewe. Kaka yake, Bethuel, alipiga simu: baba amefariki, na wamekwisha kumzika. Siku arobaini na moja zilikuwa zimepita. Ndugu walimficha kwa sababu kibali chake cha kazi kilikuwa kikishughulikiwa, nao walijua angeacha kila kitu apande ndege.

"Walinihurumia, najua. Lakini matanga yaliisha, watu wakarudi shambani. Mimi ningeanza kulia na nani?"

Asubuhi iliyofuata alimwogesha mzee kama kawaida, macho makavu. Kisha akauliza: habari ya msiba ikichelewa, mtu bado ana haki ya kuomboleza?

Rabi aliuliza ni siku ngapi. Peninah akamjibu. Kwao, alieleza, aliyefiwa na mzazi huketi chini kuomboleza kwa siku saba. Lakini habari ikimfikia baada ya siku thelathini, huketi saa moja tu.

"Hii ni sheria ya watu wangu, sikulazimishi," alisema. "Lakini umeniuliza."

Peninah alivua viatu, akakalia kigoda cha kuwekea miguu. Mzee hakumhubiria wala hakumpa pole. Wahenga wetu walisema kilio huanza mfiwa. Wayahudi nao wana desturi kwamba mfariji hafungui kinywa kabla ya mwenye msiba.

Zilipita dakika nyingi. "Baba alikuwa akichuma majani chai anapiga mluzi," hatimaye Peninah alisema, na hapo machozi yakamshinda. Rabi akauliza alikuwa akipiga wimbo gani.

"Nimeishi nchi hii miaka sita bila kukanyaga kwetu," anasema. "Hakuna mtu alikuwa ameninyamazia hivyo."

Kibali kimetoka. Agosti atasafiri, na mara nyingi usiku huota mteremko ule wa majani chai. Bethuel anataka kuchinja mbuzi na kualika kanisa zima, lakini dada yake amemkatalia.

"Nimemwambia aniwekee kigoda kaburini, waniache. Nikinyamaza, wanyamaze. Wakisikia nimeanza kuongea habari za baba, hapo sasa waje wote."