Jina Langu Kwenye Msalaba

Juzi, mtaani Kilibula, nilimwona fundi akichora jina kwenye msalaba wa simenti ambayo ilikuwa bado mbichi. Harufu ya simenti ile ilinirudisha mji mdogo wa Sange, alasiri moja ya utotoni.

Mama alikuwa amenipeleka kwenye kaburi la mama mkubwa, dada yake aliyemlea. Kwa sababu tulikuwa tumekimbia vita, hakuna aliyekuwa amelipalilia. Nyasi zilinifika kifuani, na mjomba, tuliyekwenda naye, alipozifyeka, panzi waliturukia usoni. Kisha akachimba shimo dogo, akasimamisha msalaba mpya wa simenti, akaanza kuushindilia kwa mawe. Nilikuwa nimejua kusoma karibuni, basi nikasoma kwa sauti: Riziki.

Ni jina langu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nilipewa la marehemu. Nilidhani tumesafiri ili niachwe pale.

Mama akapiga magoti. "Riziki, unisamehe," alisema akilia. "Nilikuacha peke yako siku mingi."

"Minye niko hapa, mama," nilijibu.

Mjomba aliacha kushindilia. Mama aligeuka, akanivuta kifuani, akawa anacheka na kulia pamoja, nami sikujua nicheke au nilie.

Leo najua ni nani aliyekuwa akiombwa msamaha. Siku ile nilijua tu kwamba nimeombwa mimi.

"Haina neno, mama," nilimwambia. "Nimekusamehe."

Akanishika mashavu kwa mikono yenye udongo.

"Asante, dada," akasema.

Mpaka sasa sijui alikuwa akimwambia nani kati yetu.