Mtambo wa Wati Thelathini

Siku tuliyosimamisha mnara ilikuwa Jumamosi ya kawaida, jua kali, upepo wa kiangazi unatupiga vumbi machoni kama kawaida yake, na mimi nilikuwa mtu mwenye furaha. Naanzia hapo kwa sababu furaha ya namna ile sijaipata tena.

Mnara ni neno kubwa. Yalikuwa mabomba matatu ya chuma, yale ya maji, tumeyaunga na kuyasimamisha juu ya jabali nyuma ya ofisi ya kijiji, tukayavuta pande tatu kwa waya wa fensi. Antena niliikata mwenyewe kwa bomba la shaba. Niliipima kwa futi ya fundi cherehani, maana antena ikizidi au ikipungua vidole viwili tu, mtambo unanuna. Mtambo wenyewe ulikuwa wa wati thelathini, mdogo kama redio kaseti, unakula betri ya gari na sola mbili. Kijiji sikitaji. Kiko kusini mwa Dodoma mjini, na waliokuwepo watakijua.

Mimi naitwa Ndahani, fundi redio. Shule niliishia darasa la nne, mbuzi wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Ufundi niliupata Chang'ombe ya Dodoma, kibarazani kwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akinizaba kofi kila nikiunguza transista, na niliunguza nyingi. Makofi yale ndiyo cheti changu. Alikuwa na mke mkali kuliko yeye, siku moja alinifungia stoo na redio ishirini, akasema sitoki mpaka zote ziimbe. Lakini hayo hayahusu.

Redio iliombwa kwa sababu ya maji. Kiangazi kwetu mto ni mchanga mtupu, korongo, na watu wanachimba visima humo humo mchangani. Sisi wakulima tulikuwa tunachimba. Wakaja wafugaji na makundi makubwa, nao wanataka kunywesha. Pakaanza fimbo, mwaka uliofuata mapanga. Wazee wa pande mbili wakakaa wakapanga zamu: asubuhi ndoo za akina mama, jua likipanda ng'ombe. Kazi ya redio ilikuwa kutangaza zamu na mabadiliko yake, kwa sababu wafugaji wanatembea na redio ndogo shingoni, habari inawakuta porini. Kibali kilipotoka, wakaniita mimi. Nikahamia kule na mke wangu, Mama Rehema.

Mtangazaji akawa Elia. Kijana wa pale pale, amesoma chuo Chimwaga, amerudi bila kazi. Nilimfundisha kwa mkono wangu.

"Ukiwasha, washa kwa nguvu ndogo kwanza. Tazama sindano hii. Ikipanda huku, zima haraka, antena haijashika. Nguvu isipopata pa kutokea inarudi ndani na kuunguza mtambo."

"Nimekuelewa, fundi."

Na alielewa kweli. Kila asubuhi alitazama sindano kabla hajafungua mdomo, na kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa adabu. Hata ile adabu ilinikera.

Maana watu walimpenda, jamani. Mimi nimepanda jabali na mabomba begani, mgongo unauma mpaka leo, na hakuna aliyeniuliza kitu. Elia anakaa kivulini anasema neno, kijiji kizima kinacheka. Wafugaji walimletea maziwa. Akina mama walimletea karanga. Watu walimpa vikaratasi vya salamu mpaka mfuko wa shati ukavimba.

Siku moja nilimkuta mke wangu uani anacheka peke yake, redio iko juu ya kinu.

"Unacheka nini?"

"Si huyu Elia! Anasema fisi wa huku siku hizi hawatoki mpaka wasikie zamu yao."

"Jana nilikueleza kisa cha kuchekesha kuliko hicho. Hukucheka."

"Wewe ukianza kisa unaanzia kwenye waya, Baba Rehema. Mtu anasinzia kabla hujafika."

Nikaenda zangu. Lakini lilinikaa hapa, kifuani.

Nikaandika kikaratasi changu, kwa mkono wa kushoto asijue mwandiko. "Salamu kwa fundi aliyejenga redio hii." Nikakichomeka kati ya vingine. Nilisubiri siku tatu. Siku ya nne akakisoma: "Salamu hizi zinamwendea fundi wetu, mzee wa spana, ambaye akipiga chafya mnara unainama!" Kijiji kikacheka wiki nzima. Watoto wakawa wananiita Mzee Spana. Elia mwenyewe alidhani amenipamba.

Huko nje mambo yaliharibika. Watu wa mjini waliita mgogoro. Sisi tuliokuwa ndani tunaita vita. Ng'ombe waliingia kwenye mtama usiovunwa. Vijana wetu wakachoma boma la wafugaji, nasema vijana wetu, maana wengi hupenda kusimulia kana kwamba moto ule uliwaka wenyewe. Alikufa bibi kizee ndani yake. Maziwa kwa Elia yakakoma. Hata hivyo aliendelea kutangaza zamu, akataja jina la yule bibi hewani na kuwapa pole wenzake. Wengine wetu walimtukana. Mama Rehema alilia. Mimi nilimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba alipata la kusema.

Baada ya moto ule kila mtu aliishi na redio karibu. Elia aliahidi kwamba dalili yoyote ya hatari atatangaza. Wanawake wakawa wanashuka korongoni na redio moja, mmoja wao anaishika huku wengine wanachimba.

Sasa niseme nililolifanya.

Asubuhi moja, kabla Elia hajaja, nilipanda kwenye kibanda cha mtambo pale jabalini nikalegeza kebo ya antena nyuma ya mtambo. Mizunguko miwili tu ya vidole. Nilijua atawasha kwa nguvu ndogo, atatazama sindano, ataona imepanda, atazima na kunitafuta. "Fundi, njoo, redio haitoki." Atanitafuta mbele za watu. Nitakuja polepole na spana yangu, watu watasimama pale nje, nami nitakaza, nao watajua redio ni ya nani. Ni hicho tu nilichokitaka. Kuitwa.

Nikaenda kukaa kwa jirani, redio yangu ndogo mfukoni, kikombe cha togwa mkononi.

Mama Rehema alikuwa ameshachukua ndoo. Alikuwa korongoni na wenzake.

Nikamwona mtu anakimbia kutoka upande wa mashariki, hana shati, anapanda jabali kwenda kwa Elia, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia kibandani.

Redio mfukoni ikakoroma.

"Jamani mlioko korongoni, ondokeni! Wanakuja na magobole, ondo..."

Ikakatika. Sauti ilikuwa imesikika kwangu kwa sababu nilikuwa hatua mia kutoka kwenye mtambo. Korongoni isingefika.

Nilikimbia.

Kibandani kulikuwa na harufu ninayoijua tangu Chang'ombe. Elia anabonyeza swichi, anabonyeza tena.

"Fundi, mtambo umekufa!"

"Ulitazama sindano?"

"Fundi, sindano ya nini? Wanakuja!" Akanitazama sekunde moja. Hakunishuku hata kidogo. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo, ile sura isiyo na shaka. "Utengeneze. Mimi nakwenda."

Akashuka jabali, akapanda pikipiki ya mwenyekiti.

Ningeweza kusema ngoja, tukakimbia wote. Ningeweza kusema mimi niende, mke wangu yuko huko.

Unajua nilichofanya kwanza? Nilikaza kebo. Niliikaza vizuri, nikaifuta jasho la vidole vyangu kwa shati.

Ndipo milio ikaanza huko chini. Gobole lina mlio mzito, kama gunia linalodondoshwa.

Mmoja.

Kimya.

Mingi.

Nilifungua mtambo. Transista ya mwisho, ile inayosukuma sauti kwenye antena, ilikuwa imepasuka, na nyingine ya namna ile ilikuwa mjini.

Elia alifika korongoni kabla ya wenye magobole. Mama Rehema ananihadithia, na kila akihadithia mimi nageukia pembeni. Alipita ukingoni na pikipiki akipiga honi na kupiga kelele kwa ile sauti yake, akiwataja kwa majina, "Mama Rehema, acha ndoo! Mama Yohana, kimbia!" Wakapanda ukingo wa pili. Kwenye kisima cha mwisho, kule kwenye kona, walikuwepo wanawake wawili ambao hawakusikia. Akawafuata. Wakafa wote watatu, yeye na hao wawili.

Kisima kile cha mwisho ndicho kilichokuwa na redio. Dada wa watu alikuwa ameiweka juu ya mchanga, imewashwa, inasubiri.

Polisi walikuja, vita vikaisha kama vinavyoisha, kwa mikutano. Tulizika watu wetu, nao wafugaji wakazika wao, maana vijana wetu walilipiza jioni ile ile kabla ya mikutano.

Kwenye mazishi ya Elia nilisimama nyuma. Baba yake, mzee mkulima wa zabibu, aliongea kidogo sana. Kisha akaniita. Nilipofika akanishika mkono, akauinua watu wote waone.

"Huyu ndiye fundi. Amepanda jabali lile na mabomba begani. Bila huyu mwanangu angekuwa kijana tu asiye na kazi. Huyu ndiye aliyempa sauti. Mshukuruni."

Wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. Pole fundi. Asante fundi. Na niseme na hili, kwa kuwa nimeshasema mengine: hata pale, kaburi halijafukiwa, sehemu yangu moja iliipokea ile sifa. Nilikuwa na njaa nayo kiasi hicho.

Nikainamisha kichwa. Wakadhani nalia.

Tulihamia Ipagala, mjini. Redio za watu sitengenezi tena, natengeneza pasi na majiko ya umeme. Mama Rehema nilimwambia mwaka jana, tukichambua mlenda. Aliacha mikono yake ndani ya ungo muda mrefu.

"Ulitaka wakuite," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia mimi. Ningekuita."

Akaendelea kuchambua. Kesho yake akanieleza kwamba baba yake Elia bado yu hai, kwamba macho yamekwisha lakini anasikia vizuri, na kwamba mimi ndiye ninayepaswa kwenda kumwambia, si yeye. Basi la kwenda kule linaondoka kila asubuhi. Nimefika stendi mara mbili.