Mwalimu Rejista Langoni

Wazazi walimwita Mwalimu Rejista, na jina hilo hakulipata bure. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye lango la chekechea kila mchana, akimkabidhi kila mtoto kwa mtu wake, bila karatasi wala kalamu. Watoto thelathini na wawili, na wote alijua nani huwachukua: huyu bibi yake, huyu dada yake, huyu shangazi anayechelewa kila siku na kila siku ana sababu mpya. Mwalimu mkuu alipomletea daftari la kutia sahihi, alilifanya kabari ya mlango.

Halafu akapata uvimbe kichwani. Wakampasua, wakampiga mionzi wiki sita, nywele zote zikapukutika. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi nywele zake ziliota tena, nyeusi na laini kuliko za mwanzo, ila zilirudi peke yao. Daktari alimweleza bila kumficha kwamba mionzi ya kichwa huweza kuidhoofisha kumbukumbu, hasa ya mambo mapya, na kwamba ni lazima aandike kila kitu. Yeye akaitikia kwa adabu, akatoka pale ameshaamua kutoandika chochote. Ubishi wa walimu, usiombe ukutane nao.

Lakini angeandikaje? Lango lile ndilo lililomtoa kitandani. Siku alizotapika mpaka nyongo, alijiambia kwamba atarudi kusimama pale. Sasa Mwalimu Rejista aonekane na karatasi mkononi? Angekuwa amejitangaza mwenyewe kwamba hajapona, na asiyepona haachiwi watoto wa watu. Kwa hiyo aliporudi kazini, jioni aliwakariri watoto wapya jikoni, akiosha vyombo, mumewe akimtahini.

"Yule wa viatu vyekundu?"

"Anachukuliwa na babu yake."

"Jana ulisema mama mdogo."

"Jana nilikuwa nimechoka."

"Mke wangu, mwambie mwalimu mkuu."

"Nimwambie nini? Kwamba kichwa kinavuja? Atanirudisha nyumbani siku hiyohiyo. Nikae hapa nifanye nini, nikuhesabie mbu?"

Mume alikuwa fundi bomba, mtu mpole. Mficha maradhi kilio humfichua, hilo alilijua vizuri, lakini utamtupia mkeo methali wakati machozi yake yanadondokea kwenye sahani? Akachukua kitambaa akaanza kufuta vikombe.

Ajabu ni kwamba watoto wa zamani hakuwasahau. Wale aliowafundisha kabla hajaugua angekutajia mmoja mmoja, na wazazi wao, na nani alikuwa anaogopa mende.

Jumatatu moja, mama wa binti mwenye mwanya alimvuta pembeni. Alikuwa ameachana na mumewe kwa ugomvi mkubwa, na bwana alikuwa ametishia kumtorosha mtoto.

"Mwalimu, nakuomba. Baba yake akija, usimpe. Hata akikwambia mimi ndiye niliyemtuma."

"Mama, wewe lala usingizi. Hapa hapiti."

Hakusema hivyo kumridhisha tu. Siku nzima aliyarudia maneno yale kimoyomoyo, hata mumewe alimkuta akiyanong'ona huku akipepeta mchele.

Alhamisi, baba akaja. Mwalimu alimwona kwa mbali na moyo ukamchangamka, maana sura ile aliijua! Miaka mitatu nyuma ndiye aliyekuwa akimchukua dada mkubwa wa binti huyo, siku zote, hakosi. Katika watu wote waliosimama langoni mchana ule, huyo peke yake ndiye aliyemtambua bila kuhangaika.

"Baba, umepotea jamani!" akamwambia. Akamwita binti, akamfunga kamba za viatu, akamkabidhi.

Nusu saa baadaye mama akafika, akakuta benchi tupu.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Mwalimu akageuka kulitazama benchi. Alikumbuka jua kali. Alikumbuka kamba za viatu, lakini za nani? Mama alishamshika mabega anamtikisa. "Umempa nani? Umempa baba yake?" Hapo angeweza kusema mtoto katoroka. Angeweza kumsingizia mlinzi. Mawazo yote mawili yalimpitia, na aliona aibu kwamba kichwa kilichomsahau mtoto hakikusahau uongo. Mwalimu mkuu alikuwa anakuja mbio, wazazi wamejaa, na kila dakika ya kunyamaza mtoto alizidi kwenda mbali.

"Sikumbuki," akasema kwa sauti. "Huenda nimempa. Tangu nitibiwe kichwa sikumbuki mambo, nimekuwa nikiwadanganya nyote. Mtafuteni kwa baba yake, msinisubiri mimi!"

Mama alipiga yowe, akatoka mbio. Polisi walimpata binti jioni kwenye kituo cha mabasi ya mbali, amelala mapajani mwa baba yake, imebaki robo saa basi liondoke. Mama alimkumbatia mwanawe, akapita mbele ya mwalimu bila hata kumtazama.

Asubuhi mwalimu mkuu alimwita ofisini, akampa karatasi na kalamu. Aandike maelezo ya tukio, na chini yake kwamba anaacha kazi.

"Nisamehe, dada yangu. Sina njia nyingine."

Mwalimu aliinamia karatasi muda mrefu. Sentensi ya kwanza ilikataa kuja. Mwishowe mwalimu mkuu akavuta kiti, akaanza kumsimulia taratibu: baba alikuja, ukamwita mtoto, ukamfunga viatu. Mwalimu akaandika yote kama alivyoambiwa, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akatia sahihi. Kisha akaisoma karatasi kuanzia juu mpaka chini.

"Na mtoto?" akauliza. "Mtoto alipatikana?"

"Alipatikana, dada," mwalimu mkuu akamjibu, kwa mara ya nne asubuhi hiyo. "Yuko kwa mama yake."

Mwalimu akajifunika uso, akalia kwa furaha, kama alivyolia mara tatu zilizotangulia.