Breki ya Tela na Maneno ya Mtani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya masika wakati wa Mwingereza, hina ya harusi yangu haijafutika vizuri mikononi, niliposhika spana nikaharibu kazi ya fundi. Nakwambia mapema usije ukadhani nataka kujisifu. Umeniambia umenunua gari na sasa unatafuta tela la kuvuta nyuma. Basi kaa unisikilize, maana hilo nalijua, ingawa shule nilikanyaga ukumbini tu nikageuka.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Mume wangu, yaani babu yenu, alikuwa na lori kuukuu, na mwaka ule akapata tela la magurudumu mawili lililokuwa limelala kwenye shamba la mkonge. Lilikuwa zima kila mahali, ila breki halina. Na tela lisilo na breki, mwanangu, wewe unasimama, lenyewe halina habari. Linakuja kukusukuma mgongoni kama watu wanaogombea mlango wa pilau.

Na tulikuwa na mzigo unaongoja. Mama mkwe wangu, Bi Tatu, alikuwa mfinyanzi huko Kisarawe. Kaskazi nzima alikuwa amefinyanga na kuchoma, akajaza vyungu na mitungi nyumba mbili, na vyote alitaka vishushwe Temeke kabla njia haijawa tope tupu. Ule ndio ulikuwa mwaka wake mzima, umelala kwenye nyasi.

Tukalipeleka tela kwa Fundi Mihayo, Mnyamwezi mwenye karakana ya mabati kando ya njia ya Pugu. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani toka enzi za misafara. Mtani ukikutana naye humwachi salama, na yeye hakuachi. Akikutukana unacheka, ukimtukana anacheka. Nyie siku hizi mngeshapelekana polisi.

Fundi akalizunguka tela, akatuambia breki ziko za namna tatu. Ya kwanza, utingo akae juu ya tela azungushe gurudumu la mkono kila akipigiwa honi. Ya pili, mpira unaovuta pumzi kutoka kwenye injini. Ya tatu, waya wa chuma unaopita chini mpaka kwenye mkono uliofungwa ndani, karibu na kiti, anayekaa pembeni ya dereva anauvuta.

"Ya mpira ndiyo nzuri," mume wangu akasema.

"Nzuri kwa lori, siyo kwa hiki kikohozi chako," Fundi Mihayo akamjibu. "Hili pumzi zake zenyewe hazilitoshi, utalinyang'anya tena? Na utingo wa kukaa juu mtampata wapi? Mzaramo atalala kabla hamjafika Vingunguti. Chukua ya waya. Mkono atavuta huyu bibi harusi, naona ana mikono ya kutwangia."

"Bora ya kutwangia kuliko ya kwenu ya kubebea mizigo ya watu," nikamwambia. Akacheka mpaka spana ikamdondoka.

Akaifunga siku ile ile. Alipomaliza akaniita mie, mshika breki, akanionyesha nati ya kukazia waya. "Nimeifunga ishike kidogo kidogo," akasema. "Tela livutwe nyuma kama mbuzi anayesitasita, siyo mbuzi aliyelala chini. Mkishapakia, msishuke mlima kwanza. Ijaribuni pale juu penye tambarare. Na usije ukaikaza. Vyungu vya huyo mkweo ni vyepesi kama maganda ya mayai, vina ukubwa, uzito havina. Ukikaza, magurudumu yatagoma kuzunguka. Mtumwa wangu wewe, hapo utani nimeuweka kando."

Mwanangu, mie nilisikia maganda ya mayai tu. Nikajua huyu anavitukana vyungu vya mama mkwe wangu, nikamrudishia tusi zuri sana ambalo hapa silitamki. Mengine yote nikayahesabu kuwa utani.

Tukafika Kisarawe, tukapakia. Tela likajaa mpaka likawa refu kupita paa la jikoni. Nikalitazama nikaogopa. Nikajisemea, mlima wote huu uzuiwe na kibreki cha kusitasita? Mume wangu alipokwenda kuwaaga wajomba zake, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia chini ya tela na spana, nikaikaza ile nati mpaka kiganja kikaniuma. Nikatoka nikajiona fundi. Mawingu yalikuwa yameshashuka, kwa hiyo tulipofika pale penye tambarare mume wangu aliniuliza kama tujaribu, nikamwambia, "Twende bwana, mvua inakuja."

Mama mkwe alikuwa amekataa kukaa mbele. Alipanda juu ya tela, akajichimbia kwenye nyasi katikati ya vyungu vyake, avilinde.

Mteremko wa Pugu ulikuwa mwekundu na umelowa. Mume wangu akasema, "Shika kidogo." Nikavuta.

Magurudumu ya tela yakakataa kuzunguka, palepale. Tela likateleza kama sabuni, likaja ubavuni kwetu, nikaliona dirishani pangu likitaka kutupita. "Achia! Achia!" mume wangu akapiga kelele. Nikaachia. Likapiga ukingo wa mfereji, likaegemea pale, na nyuma nikasikia vyungu vinaanguka kimoja baada ya kingine, taratibu, kama vinapokezana.

Halafu kimya. Tukaruka chini. "Mama! Mama!" mume wangu anaita. Mie niliona tayari wanawake wa Kisarawe wananiuliza nimemfanya nini Bi Tatu.

Nyasi zikatikisika. Kikatoka kichwa, kilemba kimefunika jicho moja.

"Nani kafunga hii breki?"

Mzima! Nilikaa chini topeni nikacheka na kulia pamoja. Vyungu vilivyovunjika vilikuwa kumi na kitu, vingine nyasi zilivishika.

Mume wangu akaapa. "Yule Mnyamwezi leo atanitambua." Na mie, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Nilinyamaza njia nzima mpaka karakana, mume wangu akashuka amekunja ngumi, na Fundi Mihayo akaingia chini ya tela. Alipotoka hakutania. Alisema, "Nati hii siyo nilivyoiacha," akamtazama machoni mume wangu, mtu aliyekuja kumpiga.

Hapo nikasema. "Ni mie. Aliniambia nisikaze, nikadhani ananitania."

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Mie nilitaniana na baba yake huyu fundi miaka na miaka. Alikuwa akiwatukana mbuzi wangu huku anawatibu. Ningemfukuza kwa matusi yake, ningebaki na mbuzi gani? Na huyu kijana ungemwacha apigwe kwa kosa la mkono wako?" Basi. Mpaka leo sijapata kipigo kikali kama kile.

Fundi akatoza haki yake ya utani: akachagua mtungi mkubwa kuliko yote uliopona, akaubeba ndani huku akituimbia. Kisha akailegeza breki, tukaijaribu na mzigo ule ule kwenye tambarare, mwendo wa mtu anayekimbia. Likisukuma, anakaza nusu mzunguko. Likiburuta, analegeza nusu. Mpaka nikavuta na tela likasitasita kama alivyosema.

Sasa sikia, mwanangu. Breki ya tela ichague kwa nguvu ya gari lako, siyo kwa kuona ya jirani. Ifunge kwa uzito wa mzigo, siyo kwa urefu wake machoni, na mzigo ukibadilika ijaribu upya kabla ya mteremko, hata kama mvua inakuja. Anayejua kazi msikilize mpaka mwisho, akuchekeshe au akuudhi. Ukishindwa kujua anatania au la, muulize, mdomo hauozi. Na ukiharibu, sema kabla mwenzio hajakunjiwa ngumi.

Mungu akujalie watani wenye ulimi mkali na mikono safi, na kila mlima akushushe na mzigo wako na watu wako wote, mbishe hodi nyumbani mkiwa wazima na mfunguliwe.