Ngozi ya Bati

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Old Kampala, na kosa la sarufi huniwasha sikio. Jirani yangu ni fundi wa ndege mstaafu wa jeshi, mzee kutoka kaskazini, na Kiswahili chake cha kambini hakijali ngeli.

Nilikuwa nimeapa kuunda mfano wa ndege moja ya vita ya zamani, yenye mabawa ya juu na ya chini, iliyovikwa chuma ili iruke chinichini bila rubani kupigwa risasi na askari walio ardhini. Nilinunua bati jembamba katika soko la Kikuubo, nikachonga mwili wa mbao, nikaupigilia bati. Nilipoirusha uani, ikaanguka kama jiwe. Nikaunda ya pili, nayo ikaanguka.

Mzee alichungulia juu ya ukuta, akaitazama ndege iliyoanguka. "Mwalimu, ngozi yake ndiyo mfupa yake."

"Mfupa wake," nikamsahihisha.

"Haya, wake," akasema, akaenda zake.

Ya tatu niliiunda kwa hasira. Ilipoanguka, mbao zilivunjika zote, lakini bati lilibaki zima, limejishikilia lenyewe kama karai. Sasa mbao zilikuwa za nini?

Ya nne niliiunda kwa bati tupu. Ilivuka ua, ikapita ukuta, ikatua miguuni pa mzee. Nilimfuata mbio.

"Mzee, kweli! Ngozi yake ndiyo mfupa yake!"

Akaniangalia kwa utulivu.

"Wake, mwalimu."